Siku Niliyogoma Kufufuka Jukwaani

Jamani, aibu zipo za kila aina. Ipo ya kuteleza kwenye tope na ndoo kichwani, ipo ya kumkumbatia mtu ukidhani ni mjomba kumbe hamjuani kabisa, hizo zote zimenipata na nimeshazisahau, lakini hii ninayotaka kuwasimulia haisahauliki kwa sababu watu wa Songea hawataki niisahau, kila nikipita sokoni lazima atokee mmoja wa kunikumbusha, kwa hiyo bora niiseme mwenyewe kwa mdomo wangu kuliko muisikie kwa wale walioitia chumvi mpaka haimezeki.

Ilikuwa enzi za ruksa. Mnazikumbuka, maduka yameanza kujaa tena, sabuni unachagua rangi, mitumba imemwagwa chini mpaka mtu unashindwa uvae nini, na kutoka Dar yakaanza kuja magazeti ya watu binafsi, kila basi likifika linashusha jingine jipya. Mengine yalikuwa ya katuni tupu, hadithi za mapenzi zilizochorwa picha kwa picha, maneno yamewekwa kwenye vile vipovu vinavyotoka mdomoni. Mimi kazi yangu ya mchana ilikuwa kupiga chapa katika ofisi moja hapa mjini, lakini kazi ya moyo wangu ilikuwa kuchora, na gazeti moja la Dar lilikuwa linachapa hadithi yangu, "Felista wa Stendi", na chini ya kila picha ya mwisho limeandikwa jina langu, Eusebia, Songea. (Hilo neno Songea niliwaomba mwenyewe waliweke. Nilitaka wajue kwamba hata huku kuna watu.)

Hadithi yenyewe ilikuwa ya kusikitisha kweli kweli. Felista ni binti wa mkulima wa tumbaku kule Namtumbo, anampenda kijana anaitwa Benedikti, Benedikti anapanda basi kwenda kutafuta maisha, anamwambia nisubiri, naye Felista anamsubiri palepale stendi, kila basi likija anasimama, likiondoka anakaa, mvua inanyesha yupo, baridi ya Juni inampiga yupo, mwisho anapata homa ya mapafu na kufa juu ya benchi, na Benedikti anashuka kwenye basi siku hiyohiyo, amechelewa kidogo tu. Ile picha ya mwisho niliichora huku nalia, mume wangu, Baba Imelda, akaja mbio kutoka uani akidhani tumepata msiba. Na watu walilia! Wauguzi walilia, walimu walilia, mpaka karani mwenzangu mmoja ambaye hajawahi kulia hata kwenye mazishi alikuja mezani kwangu macho mekundu akaniuliza, "Dada Eusebia, huyu binti alikukosea nini?"

Basi, mzizi wa mambo yote ni kijana mmoja anaitwa Kastori, fundi wa kupiga video za harusi, ndiye aliyekuwa na kamera Songea nzima (au ndivyo alivyosema). Alikuja nyumbani Jumamosi moja, amevaa koti la mitumba lenye mabega mapana, akaniambia ana kikundi cha maigizo na wanataka kuitengeneza "Felista wa Stendi" iwe mkanda wa video, wauoneshe ukumbi wa parokia. Moyo wangu uliruka. Picha zangu zitembee! Felista afumbue mdomo aseme! Nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

"Lakini dada," Kastori akasema, "nilikuwa naomba tukae nikusimulie, maana kuna sehemu kidogo tumeziweka tofauti..."

Hapo ndipo, ndugu zangu, kosa dogo lilipozaliwa. Mimi nilikuwa nasukwa, kichwa kiko magotini kwa jirani, nusu imesukwa nusu imesimama, na tena nilikuwa nimeshaanza kujiona mtu mkubwa, nikafikiri mtunzi wa maana haulizwi vitu vidogo vidogo kama fundi wa choo. Nikanyanyua mkono hivi, kama askofu anayetoa baraka, nikasema, "Kastori, fanyeni mnavyoona. Mimi nitaona ukumbini."

"Dada, ni dakika chache tu."

"Nimesema fanyeni mnavyoona."

Akaondoka. Jirani yangu akaendelea kusuka, akaniambia, "Ungemsikiliza." Nikamwambia asuke.

Miezi ikapita, wao wanarekodi, mimi natangaza. Nilitangaza ofisini, nikatangaza jumuiya, nikatangaza kisimani, mtu akiniuliza bei ya nyanya namjibu halafu namkaribisha kwenye video. Nikashonesha gauni la kitenge lenye mabega ya kupanda, refu mpaka chini, nikanunua na viatu vya mchuchumio vya mitumba ambavyo vilinizidi kidogo nikavijaza magazeti kwa mbele.

Siku ikafika. Jumapili, baada ya misa ya pili, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa juu ya meza, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili pawe giza, mbele kuna meza, juu ya meza televisheni, chini yake deki ya video, na waya mrefu unapita sakafuni, unatokea mlangoni kwenda kwenye jenereta lililokuwa linanguruma nje, maana umeme wetu wa wakati ule ulikuwa unakuja kwa kubahatisha. Mimi nilipewa kiti cha mbele kabisa, karibu na ile meza, pamoja na Baba Imelda. Kastori akasimama akanitambulisha, watu wakapiga makofi, nikainuka nikapunga mkono kushoto, nikapunga kulia. Nilijiona nimemaliza dunia.

Mkanda ukaanza. Felista alikuwa Rehema, binti mzuri, nikaridhika. Halafu akatokea Benedikti.

Jamani. Benedikti wangu mimi nilimchora mwembamba, macho ya huzuni, kope ndefu kama za ng'ombe. Huyu wa Kastori alikuwa Shaibu, mkaanga chipsi wa pale stendi, mtu wa Tunduru, ana tumbo linaloingia mlangoni mwenyewe akiwa bado yuko uani. Na alipofumbua mdomo tu, kabla hajasema la maana, ukumbi ukacheka. Mimi nikamgeukia Baba Imelda nikamnong'oneza, "Wanacheka nini?" Akasema, "Sijui," lakini nikaona mabega yake yanatikisika.

Ikaja sehemu ya kuagana. Kwenye gazeti ile picha nimeichora kwa siku nyingi, Benedikti anapunga mkono dirishani, chozi moja linamtoka. Kwenye video, Shaibu akatoa kichwa dirishani, akatoa mabega, akatoa na nusu ya tumbo ili ambusu Felista mkono, kisha basi likataka kuondoka naye akanasa. Hatoki, harudi. Kondakta anamvuta miguu kwa ndani, Felista anamsukuma kichwa kwa nje, na Shaibu katikati anaendelea na maneno yangu, yaleyale niliyoyaandika mimi, "Nisubiri mpenzi, moyo wangu nimekuachia," kwa sauti ya mtu aliyebanwa na mlango. Ukumbi ulilipuka. Watu walishikana. Mama mmoja alikuwa anapiga ukuta kwa kiganja.

Nami nikasimama. Sikukusudia, miguu ilisimama yenyewe. Nikawageukia watu, mwanga wa televisheni uko nyuma yangu, nikapaza sauti, "Jamani, msicheke! Hapa ni pa kulia!"

Wakacheka kuliko mwanzo, maana walidhani na mimi nimo kwenye igizo.

Nikaona hawa hawanielewi, acha nimwendee Kastori asimamishe mkanda niwaeleze vizuri. Nikapiga hatua moja. Kile kiatu kilichojazwa magazeti kikapita chini ya waya, mimi nikaenda mbele, waya ukaja na mimi, ukachomoka, televisheni ikafanya "tii" na kuzimika, deki ikatoa sauti kama mtu anayetafuna mfupa, na mimi nikajikuta nimepiga magoti mbele ya meza kama ninaungama. Wakafungua blanketi moja dirishani mwanga uingie. Walipochomeka tena, ile deki ilikuwa imeshaumeza mkanda. Kastori akaingiza vidole, akavuta, ukatoka utepe, ukatoka tena, ukazidi kutoka, akawa amesimama pale ameshika fungu la utepe mikononi kama matumbo ya kuku, na uso wake, jamani, uso wa yule kijana siusahau. Ulikuwa mkanda wa pekee. Nakala hawakuwa nayo.

Hapo hata mimi mwenyewe hasira iliniisha. Nikamwambia, "Kastori, mdogo wangu, nisamehe." Huku nyuma watu wameanza, "Malizeni! Malizeni! Tunataka kujua!" na wengine wanapiga miguu chini, na msimamizi wa ukumbi anachungulia mlangoni ameshika kiuno.

Aliyetuokoa ni Shaibu. Alitoka kule nyuma alikokuwa amekaa na familia yake, akapita mbele taratibu, akasema, "Kwani tatizo nini? Mkanda umekufa, sisi tumekufa? Tumalizie hapahapa kwa miguu yetu, inshallah watatuelewa." Watu wakashangilia. Kastori akafuta macho, akatazama huku na huku, akasema, "Rehema hayupo. Amekwenda Namtumbo kwa dada yake aliyejifungua." Kisha akanitazama mimi. Shaibu naye akanitazama. Baba Imelda akatazama dari.

"Dada," Kastori akasema, "anayemjua Felista kuliko watu wote hapa ni nani?"

Ningekataaje? Mwenye kuua mkanda ni mimi. Na niwaambie ukweli, kisehemu fulani ndani yangu kilifurahi, nikajisemea, sasa ngoja niwaoneshe Felista mwenyewe, wataacha kucheka. (Nilikuwa mama wa watoto wanne, mwili umejaa, binti wa kufa kwa huzuni juu ya benchi sikufanana naye hata kwa mbali, lakini hilo sikulifikiria.) Wakaweka benchi katikati ya jukwaa, hiyo ndiyo stendi. Kastori akaanza kuninong'oneza, "Sasa dada, kuanzia hapa sisi tumeiweka hivi, yaani Felista yeye..." nikamkatiza, "Hadithi ni yangu, naijua," nikapanda. Kumbe sijakoma!

Nikakaa kwenye benchi. Nikatazama mbali, kama natazama barabara ya Namtumbo. Nikapumua kwa huzuni. Nikakohoa, maana homa ya mapafu inaanza na kikohozi. Watu wakaanza kucheka chinichini. Nikakohoa kwa nguvu zaidi wajue si mchezo. Mama mmoja wa mbele akainuka kwa huruma akanipa chungwa. Nikalipokea, ningefanya nini. Nikaliweka pembeni, nikalala juu ya benchi, mkono mmoja ukaning'inia kama nilivyouchora, nikafumba macho nikasema kwa sauti ya kukata roho, "Benedikti... nimesubiri sana..."

Shaibu akaingia, kitambaa cha kufutia vyombo begani. Alipofika akasimama, akanitazama, akaona kwamba huyu mama amelala wakati wa kazi. Akasema kwa sauti kubwa, "Mama lishe! Chakula kipo?"

Nikafumbua jicho moja. Mama lishe?

"Benedikti," nikasema, "umechelewa."

"Nimechelewa cha mchana au cha jioni?"

Basi tena, ukumbi haushikiki. Akainama kama ananiangalia, akaninong'oneza, "Dada, amka. Huku kwetu hufi. Wewe umefungua mgahawa hapa stendi, unauza maandazi na chai, umetajirika, mimi narudi nimefilisika unanipa kazi ya kuosha vyombo."

Nikamnong'oneza, "Mimi nakufa."

"Hufi, dada."

"Nakufa, Shaibu, niache."

"Jamani, dada yangu, maandazi yanaungua!" Hilo alilisema kwa sauti, kisha akanishika kwapani aninyanyue. Mimi nikashikilia mguu wa benchi. Akavuta, nikang'ang'ania, benchi likaanza kutembea na sisi, na katika mvutano huo nikasikia gauni langu chini ya kwapa likisema "prrrr" mpaka kiunoni. Baba Imelda, Mungu ambariki, alipanda jukwaani na koti lake akanifunika, bila neno, akashuka. Watu wakampigia makofi, wakadhani ndiye daktari. Nami chini ya koti nimefumba macho zaidi, maana sasa nilikuwa natamani kufa kweli.

Ndipo nikasikia kelele zinapungua, na hatua za mtu anayetembea polepole na fimbo. Nikafumbua kajicho. Alikuwa Bibi Kolumba wa Mshangano, ajuza kabisa, mtu ambaye hata padre anampisha njiani. Amepandishwa jukwaani na watu wawili. Akasimama kichwani kwangu.

"Mjukuu wangu," akasema, "unanisikia?"

Na mimi, jamani, nimelelewa vizuri, hilo ndilo lililoniponza. Mtu mzima amenisemesha, ulimi ukajibu kabla ya akili. "Shikamoo, bibi," nikasema, macho yamefumba, mkono unaning'inia.

"Marahaba," akajibu. Akageukia watu. "Maiti haiamkii wakubwa. Huyu hajafa."

Sitawaeleza kelele zilizofuata, siziwezi. Nasikia mpaka waliokuwa nje kwenye jenereta waliingia kuona kuna nini. Lakini bibi hakucheka. Alisubiri watu watulie, akaniinamia, na safari hii hakuwa anaigiza wala hakuwa anawasemesha watu, alinisemesha mimi.

"Mjukuu wangu wa kule nyumbani ndiye aliyekuwa ananisomea gazeti lako. Aliposoma umekufa nikamwambia umekosea, rudia. Akarudia, ukafa tena. Nilikaa siku nyingi nina uchungu, mwenzio nimeshazika wangu wa kuzaa, kisha na wewe. Leo nimetembea kutoka Mshangano kwa miguu yangu kwa sababu nimesikia huku unaishi. Sasa unataka nirudi nikiwa nimekuzika tena? Amka, mama. Mara moja inatosha."

Nikaamka. Jamani ningefanya nini? Niliinuka na koti la mume wangu, nywele zimetawanyika, kiatu kimoja sijui kiko wapi, nikamshika bibi mikono miwili nikamkalisha kwenye benchi la stendi, nikamgeukia Shaibu nikamwambia, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, "Wewe Benedikti! Umesimama hapo unangoja nini, vyombo vitajiosha?" Watu wakasimama. Shaibu akakimbilia vyombo ambavyo havikuwepo, akaviosha kimoja kimoja, nami nikamuuzia bibi maandazi ambayo hayakuwepo, akayala, akasema sukari imepungua. Tukaendelea hivyo sijui muda gani, hakuna aliyejua mwisho uko wapi, na sikumbuki vizuri nilisema nini, ninachokumbuka ni kwamba wakati fulani nilitazama chini nikamwona Kastori amekaa sakafuni, ule utepe bado uko mapajani, anacheka huku anajifuta machozi, na mimi mwenyewe nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma, kwenye hadithi yangu mwenyewe, palepale pa kulia.

Mkanda baadaye ulipona. Kastori aliukata sehemu iliyotafunwa akaunganisha kwa gundi, kwa hiyo Shaibu amenasa dirishani, mara ghafla yuko Dar anauza soksi, na watu walioona wakasema huo ndio ufundi wa kisasa. Ulizunguka Namtumbo, ukafika mpaka Nalasi, na huko nasikia wenye mikorosho wao waliacha kazi mchana kweupe. Rehema akapata mchumba. Shaibu chipsi zake zikapanda jina, akaandika kwenye kibanda "Kwa Benedikti". Na mimi nikabaki na jina langu jipya. Mpaka leo nikiingia sokoni kuna wamama wananipungia kutoka kwenye matenga yao, "Shikamoo, marehemu!" nami nawajibu marahaba, nanunua nyanya zangu nakwenda.

Ila niwaambie jambo moja, na msimwambie Kastori. Mimi bado naona ile homa ya mapafu ilikuwa nzuri. Ile picha ya mwisho, mkono unaning'inia na basi linaingia, sijawahi kuchora nyingine kama ile, na kwenye gazeti Felista amekufa na atabaki amekufa. Lakini kwenye mkanda anauza maandazi, na nimeshaacha kugombana na hilo. Mtoto ukishamtuma dukani huwezi kukaa dirishani unamwelekeza kila hatua.

Kwa hiyo nimekula kiapo. Mtu akija kuniomba hadithi, nakaa naye chini, namsikiliza mpaka neno la mwisho, hata kama chungu kinaungua jikoni, halafu nasema ndiyo au nasema hapana, na nikishasema ndiyo nanyamaza. Na ukumbini sinyanyuki tena. Watu wakicheka pangu pa kulia, nainamisha kichwa nalia kidogo peke yangu, mara moja tu, kisha nanyanyua uso nacheka na wenzangu.